Chupa Zisizo na Jina

Bei haina ulimi. Jana mlimsikia mama yenu akimjibu hivyo yule kijana muuza vitenge, mkacheka mkidhani anamtania. Leo mmenijia kuuliza ni nani aliyeanza kuyasema. Sogeeni basi. Maneno haya yana mwenyewe, na mwenyewe namjua. Yalizaliwa hivi.

Palikuwa na mwanamke wa Kigogo, jina lake Damari Chiloli, binti wa mkulima wa zabibu hapa hapa pembeni ya Dodoma. Alikuwa mnunuzi wa vyakula na vinywaji katika hoteli ya Bwana Kisamo, nami nilikuwa mpishi wa hoteli hiyo hiyo. Kwa hiyo mengine nitakayowaambia alinisimulia yeye, na ya mwisho niliyaona kwa macho yangu.

Damari hakuamini kitu. Maziwa aliyanusa, akayachovya kidole, kisha akamtazama muuzaji usoni kwa muda mpaka mtu wa watu akaanza kujitetea kabla hajaulizwa. Hakuzaliwa hivyo. Mwaka mmoja aliuziwa asali kwa bei ya chee, kumbe imechanganywa na maji ya sukari. Wageni walilalamika, na Bwana Kisamo akamwambia mbele yetu wote, "Ukiniletea tena takataka, urudi kwenu ukalime." Tangu siku hiyo kila bei ndogo aliiona mtego. "Rahisi ghali," ndiyo ilikuwa sala yake.

Sasa Bwana Kisamo akajenga ukumbi mpya wa chakula, akataka mvinyo wa Kifaransa mezani. Akamtuma Damari Ufaransa akautafute. Alimtuma yeye kwa sababu huko alikuwa na binamu yake, Elieza, aliyekwenda kusomea kilimo akaoa huko huko, kwenye familia ya wakulima wa mizabibu.

Damari hakwenda kwanza kwa binamu. Alikwenda mjini, kwa mfanyabiashara mkubwa wa mvinyo, kwenye duka lenye sakafu inayong'aa na wahudumu waliovaa tai. Akaonjeshwa mvinyo mwekundu. Mtoto wa shamba la zabibu ana ulimi wake: ule mvinyo ulikuja mdomoni kama zambarau zilizoiva, kisha ukaacha ukali mdogo, kama chai iliyokolea majani. Aliupenda mno. Alipotajiwa bei, akajua kwamba fedha aliyopewa haitafika hata kwenye nusu ya chupa alizotumwa. Akashukuru, akatoka.

Ndipo akaenda shambani kwa wakwe wa Elieza. Mwenye shamba aliitwa Mzee Bastide. Babu wa babu yake ndiye aliyepanda mizabibu ya kwanza pale, na nyumba ilikuwa ile ile ya mawe, ukuta umepinda, kuku wanazunguka uani. Mzee alikuwa na tope kwenye viatu. Binti yake Odili, mke wa Elieza, ndiye aliyetaja bei, na Elieza akaitafsiri.

Damari akadhani amesikia vibaya. "Rudia," akasema.

Elieza akarudia. Ilikuwa bei ya kutupa.

Moyo wa Damari ukafunga mlango. Akamvuta binamu yake kando, ingawa hapakuwa na mwingine anayejua Kiswahili.

"Elieza, niambie ukweli. Mvinyo huu una nini?"

"Hauna kitu, dada. Ni mzuri."

"Mzuri kwa bei hiyo? Wameutia maji? Au ni makapi yaliyowashinda kunywa, sasa wamesema tuwauzie Waafrika, hawajui tofauti?"

"Dada Damari, hawa ni wakwe zangu."

"Ndiyo maana nakuuliza. Na wewe umewekewa fungu lako?"

Damari aliniambia baadaye kwamba aliuona uso wa binamu yake ukishuka, lakini hakurudi nyuma. Kuumwa na nyoka humfunza mtu kuogopa hata ung'ong'o.

Alikataa kuonja. Alisema ataonja akishakagua. Basi wakampitisha kwenye mizabibu, kwenye mitambo ya kukamulia, kwenye mapipa. Yeye alichungulia kila kona akitafuta mfereji wa maji, gunia la sukari, chochote. Hakuona. Na kutokuona kukamzidishia shaka, maana mwizi hodari haachi nyayo.

Mwisho wa ua palikuwa na ghala moja lenye kufuli kubwa. Walipofika hapo Mzee Bastide akageuza njia, kana kwamba ghala lile halipo.

"Na humu?" Damari akauliza.

Odili akamtazama baba yake. Baba akatazama chini. Elieza, badala ya kutafsiri, akajibu mwenyewe, "Humo hamna cha kuuza, dada."

"Sikuuliza kama kinauzwa. Nimeuliza kuna nini."

Kuku peke yao ndio walioendelea kuparura.

"Elieza, mwambie mkweo hivi: nimetoka mbali, na nyuma yangu yuko bosi anayesubiri kosa langu. Asipofungua mlango huu, naondoka sasa hivi, na huko nyumbani nitasema nilichokiona."

Elieza akayatafsiri maneno hayo huku ametazama pembeni, kwa aibu ya mkwe. Mzee Bastide akatoa ufunguo mfukoni, akafungua.

Ndani palikuwa na chupa zimelazwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Hazikuwa na lebo hata moja.

"Aha!" Damari akapiga makofi. "Chupa zisizo na jina! Mvinyo wa nani huu? Mmeuiba wapi?"

Mzee akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Elieza akatafsiri polepole. "Anasema haukuibwa. Ni wake, wa mizabibu ile uliyoiona. Yupo mtu mmoja mkubwa mjini, kila mwaka huja na lori akachukua chupa hizi zisizo na jina, akabandika jina lake. Walikubaliana mzee asimtaje. Ndiyo maana hasemi."

"Maneno matupu," Damari akajibu. "Nipeni nionje."

Mzee akakataa kuzigusa zile chupa. Aliwarudisha kwenye mapipa, akachota kwenye pipa lililobaki baada ya chupa zile kujazwa, akampa. Damari akanywa funda moja.

Zambarau. Na nyuma yake, chai iliyokolea.

Ulikuwa ni ule ule wa duka la sakafu inayong'aa, wala hakuhitaji kutajiwa jina la mtu. Lakini shaka ikishaota mizizi haing'oki kwa funda moja. Akaamua kumpima mzee kwa mara ya mwisho.

"Mwambie nimekubali. Lakini nataka hizi za ghalani, zilizokwisha kutiwa chupani. Nitamwongezea bei, nizipakie leo. Mtu wa mjini hatajua."

Elieza alisita, kisha akatafsiri. Odili akamgeukia baba yake haraka. Ilionekana dhahiri kwamba ile nyongeza wangeihitaji, kwani paa la nyumba lilikuwa limezibwa kwa bati na turubai. Mzee Bastide akatikisa kichwa.

"Anasema hapana," Elieza akasema. "Hizo amekwisha kuzitolea neno. Ukitaka, chukua wa kwenye mapipa, kwa bei uliyotajiwa. Haongezi, hapunguzi."

Damari alisimama pale kwenye mapipa na kilio kikamjia. Alimkumbuka baba yake, alivyokuwa akiuza zabibu langoni kwa bei aliyopangiwa na wanunuzi, lori likaondoka nazo, kisha mvinyo ukarudi mjini na jina la mtu mwingine kifuani. Hakuna aliyewahi kusema zabibu za baba yake ni mbaya. Walisema tu ni za bei ndogo, wakadhani ni kitu kimoja.

Akamgeukia binamu yake. "Elieza, nimekutukana mbele ya wakwe zako. Nisamehe."

"Hawakuelewa, dada."

"Wewe ulielewa."

Akanunua wa kwenye mapipa, ukatiwa kwenye chupa zote alizotumwa, zikabandikwa lebo ndogo nyeupe ya Bastide.

Shughuli ilibaki huku nyumbani. Siku mzigo ulipofunguliwa nilikuwepo. Bwana Kisamo alizunguka masanduku, akauliza bei, akaambiwa. Akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Damari! Umeniletea asali nyingine?"

"Onja kwanza, bwana."

"Sionji! Mvinyo wa Ufaransa kwa bei hii? Bei yenyewe inaniambia kila kitu."

Damari, ambaye miaka yote tulimjua akiinamisha kichwa mbele ya mtu huyu, siku hiyo hakukiinamisha. Alimimina, akamwekea glasi mkononi.

"Bei haina ulimi, bwana. Ulimi unao wewe."

Jikoni tuliacha kukata vitunguu. Bwana Kisamo alimtazama, akaitazama glasi, akanusa kama anayenusa dawa. Akanywa. Akanywa tena, safari hii akakaa kwenye kiti.

"Huyu mzee," akauliza hatimaye, "anazo nyingine?"

Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa kuomba radhi. Lakini tangu siku hiyo, kila alipoletewa kitu cha bei ndogo hakukitupa wala hakukimbilia kukinunua. Alikinusa, akakionja, akauliza kimetoka kwa nani. Na kilipokuwa cha bei kubwa alifanya vivyo hivyo, jambo ambalo wenye maduka hawakulipenda hata kidogo.

Sisi wa jikoni tuliyabeba maneno ya Damari tukaenda nayo sokoni, na wake zetu wakayabeba nyumbani, hata yakamfikia mama yenu. Kwa hiyo akimwambia muuza vitenge, hamtanii. Anamwambia: usinitishe kwa ukubwa wake, wala usinivute kwa udogo wake. Lete kitambaa nikishike. Bei haina ulimi.