Karibu Bila Hodi

Mpo? Tegeni masikio, ngano hii hapa. Watu walikinai vita vya nchi ya mbali ya mazimwi, mfalme akawaita askari warudi. Mazimwi, kwa kukosa wa kuyazuia, yakawafuata yamevaa sura zao. Mganga akaonya, “Zimwi halijui kupiga hodi.”

Mume wa Mwanasiti akapiga hodi tatu, vigelegele vikapaa. Jirani yake Bishara, ambaye wake hajarudi, wivu ukamkaba. Mola atusamehe, nami nimo.

“Shoga, wako yuaja,” Mwanasiti akamliwaza.

“Usinisimange!” Bishara akamkatiza, akarudi kwake.

Mara akamwona mumewe mlangoni, kimya. Hakungoja hodi. Akapaza sauti Mwanasiti asikie: “Karibu, mume wangu!”

Likaingia. Likamla.

Jioni sauti ikaita mlangoni, “Hodi! Hodi! Hodi, Bishara!”

Zimwi likapangusa mdomo, likajibu kwa sauti ya Bishara, “Karibu, mume wangu!”