Mashine Isiyoharibika ya Bwana Mushendwa

Bwana Mushendwa alikuwa na nyasi za kutosha mkeka mmoja, na majivuno ya kutosha uwanja wa mpira. Akataka mashine ya kukatia nyasi, ile ya kuendesha umeikalia kama trekta.

"Nichagulie isiyoharibika," alimwamuru Sifuni, mtunza bustani aliyekuwa akija kazini kila siku kwa miguu kutoka bondeni. "Ikiharibika, kazi huna!"

"Imara ni ile nyekundu ya pale dukani, bosi. Ila mvua huiua. Inataka banda."

"Jenga!"

"La mabati?"

"Mabati ya nini? Mimi ni mtu wa mabati? Matofali!"

"Na nafasi ya kuigeuzia. Na mlinzi, maana wezi nao wanapenda vitu vizuri."

"Weka na chumba, ulale humo humo!" alisema Bwana Mushendwa, akasafiri kwenda kujisifu kwa wakwe zake.

Aliporudi, alivaa kofia, akapanda mashine, akaiwasha kwa mbwembwe, akafungua mlango wa banda. Mbele yake palikuwa na ukuta wa jirani.

"Sifuni! Nyasi ziko wapi?"

"Chini ya banda, bosi," alijibu Sifuni akitandika kitanda chake kipya. "Sasa hiyo mashine itaharibikia wapi?"