Mbio za Jumanne

Wapendwa, kulikuwa na tarishi mmoja ambaye miguu yake ilistaafu kabla yake. Miaka ishirini na mitatu alipeleka barua na mafaili kati ya ofisi za wilaya, na watu waliujua mgongo wake kuliko uso. Ukimsalimia, alijibu akiwa ameshafika mtaa wa pili. Kisha ukaja ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Ulianzia kwenye vidole vya miguu, ukapanda magotini, na daktari akamwambia waziwazi: hautakuua, lakini hautaondoka. Akapewa magongo mawili, akarudi nyumbani.

Mnamwona huyo mtu? Miguu imesimama, moyo bado unakimbia. Mgeni akipiga hodi, yeye anaitika "Karibu!" kutoka chumbani, anajikokota, anafungua mlango, anakuta mgeni kachoka kungoja na kaenda zake. Asubuhi aliamka kabla ya watu wote, akavaa viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda akigongagonga magongo sakafuni kama mtu aliyeitwa mahali. Ameitwa wapi? Na nani? Hakuna aliyemwita.

Kila Jumanne alitakiwa kwenda zahanati kwa mazoezi ya viungo. Njia ile wewe mwenye afya unaimaliza kwa dakika kumi. Yeye ilimla saa nzima na zaidi. Jumanne moja yuko njiani, jasho linamtiririka, akapitwa na kuku. Kuku, wapendwa! Tarishi akapiga gongo chini kwa uchungu.

"Mpishe huyo," sauti ikasema mbele yake. "Ana miadi na sufuria."

Alikuwa mama mmoja mshona nguo, watu wakimwita Mama Nsia. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kushoto, naye alitembelea fremu ya chuma yenye miguu minne: anaisogeza kidogo, anaifuata, anapumzika. Tarishi hakucheka.

"Mama, wewe unaona haya ni mambo ya kuchekesha?"

"Nililia mwaka mzima, bwana tarishi. Nilipomaliza kulia nikakuta bado niko hapahapa njiani." Akamkagua kuanzia chini mpaka juu. "Wewe na magongo yako una miguu minne. Mimi ninayo sita. Tushindane mpaka getini?"

Alitaka kukasirika. Lakini mnajua, mtu aliyezoea kukimbia ukimtajia mashindano, damu inamchemka. Akashika magongo vizuri, akaondoka. Na Mama Nsia akamshinda.

Tangu hapo ikawa kila Jumanne. Wanakutana penye mashine ya kusaga, wanahesabu moja, mbili, tatu, wanaanza. Mtu angepita asingejua kama kuna mashindano, angedhani watu wawili wamesimama wanaota jua. Tarishi alianza kufanya mazoezi uani kwake. Usiku hakulala vizuri akipanga atakavyokata kona. Siku aliyoshinda, mama yule aligoma kabisa kukubali.

"Si haki," akasema. "Wewe uliondoka jana."

Tarishi akajikuta anacheka. Alicheka mpaka akaegemea geti. Lakini ile haraka yake haikuisha, msidhani iliisha. Ilimsumbua vilevile, ila sasa ilikuwa na mtu wa kuitania.

Ikafika Jumanne moja, Mama Nsia hakutokea penye mashine. Tarishi akangoja, akahangaika, akaangalia barabara huku na huku. Akaanza kwenda zahanati peke yake. Hatua chache akasimama. Huyu mama hajawahi kuchelewa. Anachelewaje mtu anayeondoka nyumbani mapema kuliko wote? Akageuza magongo, akashika njia ya kwenda kwake, njia ya mwinuko.

Akiwa anapanda, walimpita kina mama wa kikundi cha maombi, wametoka upande huo huo wa nyumbani kwa Mama Nsia, wanawahi kwenda kumwombea mgonjwa mtaa wa chini. "Bwana asifiwe, mzee!" Alipofungua mdomo kujibu na kuwauliza habari za yule mama, walikuwa wameshashuka. Akakijibu "Amina" kisogo cha yule wa mwisho.

Alipofika getini kwa Mama Nsia alisikia sauti. Ilikuwa ndogo, imekauka. "Jamani... jamani..."

Mama Nsia alikuwa sakafuni jikoni, ameteleza, fremu yake imeangukia mbali asikoweza kuifikia. Binti yake alikuwa ameenda kazini tangu asubuhi.

"Umeanguka saa ngapi, mama?"

"Saa moja. Nimeita mpaka koo limeisha. Nasikia watu wanapita, nasikia hata viatu vyao."

Tarishi akasogea hima. Akasema, ngoja nikuinue. Akaegemeza gongo moja ukutani, akainama, akamshika mkono. Gongo la pili likateleza. Tarishi akashuka chini, puu, akakaa katikati ya beseni la mchicha.

Mama Nsia akamtazama, maji ya mchicha yanamtiririka kwenye suruali.

"Bwana tarishi," akasema polepole, "umekuja kunisaidia au kunisindikiza?"

Wapendwa, walicheka. Walicheka kile kicheko kinachouma mbavu, machozi yanatoka, mmoja akinyamaza mwenzake anaanza upya. Na kicheko kile kikatoka dirishani, kikafika barabarani.

Na mnajua kilichotokea? Watu walikuja. Kichwa kimoja mlangoni, kisha kingine. Kijana wa bodaboda akazima pikipiki, akaingia. Kina mama wa maombi, waliokuwa wakirudi, wakaingia mbiombio. "Kuna nini? Mnacheka nini? Tuambieni na sisi!"

Mama Nsia akafuta machozi kwa mkono wake mzima.

"Nimewaita tangu saa moja," akasema. "Kumbe ningecheka tu."

Mama mmoja wa maombi akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Tulisikia, mama. Tukadhani unamwita binti yako, kama siku zote." Wakawainua wote wawili. Nyonga ya mama ilikuwa imevimba, haikuvunjika. Tarishi alibaki amekaa kwenye kigoda, akimwangalia kila aliyekuwa pale usoni.

Sasa mimi nawauliza, sisi ni akina nani katika habari hii? Msikimbilie kusema sisi ni tarishi. Sisi ndio wenye viatu vilivyosikika. Kilio cha mgonjwa tumekizoea, tunakipita tukisema ni kawaida yake. Tunamuuliza "unaendeleaje?" na kabla hajajibu tumeshampa kisogo. Majina ya wagonjwa tunayasoma hapa mbele kila Jumapili. Ni nani kati yetu ameketi na mmoja wao mpaka wakacheka pamoja? Mwenye miguu mizito hajageuka kuwa ombi la kusomwa kwenye karatasi. Ana utani wake, ana hasira zake, na anataka kushinda kama wewe.

Ibada ikiisha leo, wapo ndugu humu watakaochelewa kufika mlangoni. Mnawajua. Leo hakuna kuwapita. Tutatoka nyuma yao, wote, hata ikituchukua mpaka saa nane. Na atakayesikia mwenzake akiguna nyuma, amwambie asogee mbele kidogo, amsalimie aliye mbele yake, kisha asimame asikilize jibu.