Kidari cha Harusi ya Nanzia

Hapo zamani, si zamani ya mbali, simu zilishakuwepo, huko milimani Upare aliishi mjane mmoja aliyesahau kukaa. Jina lake Nakijwa. Akikaa, anainuka. Akiinuka, anatega sikio. Alibakiwa na binti mmoja tu, Nanzia, na ukoo wa marehemu mumewe ulikuwa na kifo chao: mtu mzima wa afya anashtuka, anaanguka, basi. Mkwewe alishtushwa na mlango. Mumewe, na honi. Kifungua mimba wake, na sufuria iliyodondoka.

Na ukoo ulikuwa na mwiko: kifo cha kushtuka hakisimuliwi. Atakayekisimulia hali tena nyama ya ukoo, wala hazikwi kwenye makaburi yao.

Basi Nakijwa akachinja jogoo asiwike. Akaviringishia milango matambara. Jirani akipiga chafya, anamfuata kumgombeza.

"Mama Nanzia," jirani akamwuliza, "na radi utaigombeza?"

Akaja daktari wa mioyo, Mbazi. Akamtoa Nanzia damu, akambandika nyaya kifuani, akaenda kuunda moyo kama wake ndani ya kompyuta. Kisha akarudi kuuliza: "Wenzake walikufa wakifanya nini? Niambieni, niujaribu moyo wa kompyuta, nisimjaribu yeye."

Wazee wakatazama milima. Nakijwa naye akatazama milima.

Aliyesema ni wifi yake, Senzia. "Walishtuka. Wote walishtuka, na nyie mnajua." Jua halijazama, wazee wameshamfukuza.

Mbazi akaushtua moyo wa kompyuta. Ukatapatapa, ukazima. Akauwasha, akautia dawa hii, ukazima. Akautia ile, ukazima. Mpaka ikapatikana iliyoushikilia. Akaleta vidonge.

"Kwenye kompyuta vimefaa," alisema. "Kwa mtu wa ukoo huu, bado sijui."

Nanzia akameza, kila asubuhi, mama yake akimkodolea macho kooni.

Siku ya harusi, tairi la gari la maharusi likapasuka mlangoni. Nanzia akayumba, akashika ukuta, akasimama. "Mnanitazama nini? Leteni chakula."

Mbuzi akachinjwa. Kwa desturi yao kidari hakigawanywi. Mama wa bibi harusi humpa mtu mmoja, aliyemfikisha binti siku hiyo, na akilaye ni wa ukoo hata kama alikuwa mgeni, hata kama alifukuzwa.

Senzia, aliyekuja bila kualikwa, akasema: "Wifi, kompyuta ilikuwa bubu mpaka nilipofumbua kinywa. Wewe ulinyamaza, una pa kuzikwa. Mimi sina."

Mbazi akasema: "Mama, bila ule moyo, maneno ya shangazi yangebaki umbea wa matanga. Nipe mimi. Nikiwa wa ukoo, watoto wenu wengine wataletwa kwangu. Nikiwa mgeni, watafichwa."

Nanzia akasema: "Ule wa kompyuta ukizima unawashwa. Wangu ungewashwa na nani? Nimemeza mimi. Na alaye kidari ana sauti mbele ya wazee, nami naitaka kabla sijamzaa mwenye moyo kama huu."

Wazee wameshika fimbo. Wakiona kidari kinakwenda kwa Senzia, wanaondoka na baraka zao. Nakijwa ana kisu mkononi. Anakaa, anainuka. Nyama inapoa, nzi hawangoji.

Haya, nyie mnaojua kula: je, nani alistahili?