Kalamu Nyekundu ya Mzee Shomvi

Mzee Shomvi, mwenye malori manne na roho nyembamba kama uzi, aliapa msibani mbele ya watu wote kwamba atamsomesha Tunu, binti wa marehemu mdogo wake. Tunu alipopata nafasi chuo kikuu, alimletea bajeti ya mwaka yenye mistari sita. Mzee alichomoa kalamu nyekundu.

"Ada? Sina. Chumba? Sina. Chakula? Baba yako alishindia mihogo, wewe nani? Hata sabuni! Sina!"

"Sawa, Baba Mkubwa," alisema Tunu kwa unyenyekevu. "Ila mama atasema sikukuomba. Andika mwenyewe hilo 'sina' kila mstari, utie na sahihi."

Mzee alicheka hadi kitambi kikatikisika. Kuandika ni bure, na vya bure alivipenda. Aliandika "sina" mara sita, akasaini kwa madaha kama waziri.

Ijumaa, akitoka msikitini, alikuta watu wamejazana kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, wakicheka hadi wanashikana mabega. Orodha ya mafukara wa kusaidiwa ilikuwa imebandikwa. Jina la kwanza lilikuwa lake, na kando yake ile karatasi yenye "sina" sita.

"Pole, Mzee," alisema mwenyekiti kwa huruma. "Sembe yako kilo mbili iko ndani."

Mzee alikwenda mbio kwa Tunu na bahasha nene, akihema.

"Kaniondoe pale!"

Tunu alimpa karatasi mpya.

"Andika 'nimelipa' mara sita, Baba Mkubwa. Na usisahau sahihi."