Wimbo Uliomchelewesha Wahida

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakuwa wakimsifu mvivu, la hasha. Walimaanisha kwamba anayepima hatua zake hufika salama, na mwenye pupa huangushwa hata na kumbi la nazi. Wahida wa Quionga aliijua methali hii tangu utotoni, ila aliamini ilitungwa na watu wanaopenda kuwachelewesha wenzao.

Wahida alijiunga na kikundi cha wanawake wakimbiaji kwa sababu moja tu. Watakaochaguliwa wangepelekwa mjini Pemba, makao makuu ya jimbo lao, kwenye mashindano, na Pemba ndiko aliko mama yake, ambaye hakuwa amemtia machoni tangu siku ile ya vita walipokimbia kila mtu na njia yake. Nauli ilikuwa imemshinda, na gari la mashindano lilikuwa la wakimbiaji peke yao.

Kiongozi wao, Ivone, mama wa makamo kutoka bara, alikuwa na masharti. Wanaoanza mbio watangulize kutembea, siku ya kupumzika wapumzike kweli, anayeumwa aseme mapema, na wote wakimbie huku wakiimba. Asiyeweza kuimba apunguze mwendo. Tena, alisema, mji huu ukiona watu wanakimbia kimya, unadhani balaa limerudi.

Wahida aliyasikia kwa sikio moja. Kwa macho yake, wimbo ule ulikuwa mtego wa kuwabana watu wa pwani wasionyeshe kasi yao, ili nafasi apewe Márcia, mpwa wa Ivone. Márcia akicheka, Wahida alijua anachekwa yeye. Ivone akiitazama miguu yake, alijua anatafutiwa sababu ya kuachwa. Basi siku za mapumziko akawa anakimbia peke yake nyuma ya minazi, na muundi ulipoanza kumuuma, akajikaza akanyamaza.

"Unachechemea, mdogo wangu?" Ivone alimwuliza asubuhi moja kabla ya kuanza mazoezi.

"Sichechemei, mana Ivone, dada yangu. Ni kiatu tu," alijibu, na moyoni akasema, huyo, keshaanza.

Asubuhi hiyohiyo walipokaribia sokoni, aliona hapo ndipo pa kuwaonyesha. Akauacha wimbo, akachomoka kama kuku aliyeona mwewe. Wauza samaki walipoinua macho waliona mwanamke anakuja mbio, kimya, macho yamemtoka pima. Hawakuuliza. Beseni zilimwagika, watoto wakabebwa mgongoni, soko zima likatimua mbio. Wahida naye alipowaona wanakimbia alisahau kwamba chanzo ni yeye. Alidhani ya zamani yamerudi, akaongeza mwendo huku akigeuka kutazama nyuma, na mguu ukatua juu ya makumbi ya nazi. Kifundo kilipinda, na ule muundi wenye maumivu ya siri haukuweza kumhimili. Alianguka kifudifudi mbele ya soko tupu.

Nyuma yake wimbo ulikuja, polepole, vilevile kama siku zote. Waliousikia wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakiokota samaki wao na kumtazama kwa jicho ambalo Wahida hakupenda kukutana nalo. Ivone na Márcia ndio waliomwinua. Hospitalini aliambiwa asahau mbio kwa miezi kadhaa.

Siku ya safari Ivone alipita kumuaga. Wahida alikuwa ameketi barazani, mguu juu ya kigoda, na dukuduku lake halikuweza tena kukaa kifuani.

"Nafasi umempa Márcia?"

"Sasa ndiyo nimempa," Ivone alisema. "Mwanzo ilikuwa yako. Kwa nini unadhani nilikuwa naitazama miguu yako kila siku?"

Wahida alilia bila kujificha. Aliivua kanga iliyokuwa mabegani mwake, akamwomba Ivone ampe Márcia aifikishe kwa mama yake, na amwambie kwamba mwanawe alikuwa njiani. Gari liliondoka, wanawake wakiimba ndani yake, na yeye pale barazani aliufuata wimbo ule kwa sauti ndogo mpaka ukawa hausikiki tena. Pupa na dhana mbaya vilimbakisha Quionga, na wale waliokwenda kwa mwendo wa wimbo ndio walioiona Pemba, kwani kweli mwenda pole hajikwai.