Kompyuta Mbili za Nyumba Moja

Wapendwa, wale wa nyuma wasogee kidogo, maana sauti yangu si ile ya zamani. Nina kisa kifupi. Nimekitunga mwenyewe, kwa hiyo mtu asitoke hapa akasema mchungaji amemsema jirani yake.

Katika mji wa Same aliishi mzee mmoja, Eliamani Mchomvu, aliyekuwa karani wa ardhi mpaka alipostaafu. Mkewe alikuwa ametangulia mbele za Bwana miaka mingi kabla. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Nathanaeli, mwalimu. Na Nathanaeli alioa mwalimu mwenzake kutoka Kasulu, mbali kule Kigoma, jina lake Edita Ntakije. Nathanaeli akapata ajali ya pikipiki, akafa. Wakabaki wawili katika nyumba ile, mzee Mpare na mkwe Muha, wakiwa kama watu wanaobeba jeneza moja: mzigo ni wa wote wawili, lakini hawaonani nyuso kwa sababu umepita katikati yao.

Ugomvi haukuwepo. Asubuhi ilikuwa, "Shikamoo, Baba." "Marahaba." Jioni ilikuwa, "Chakula kiko mezani, Baba." "Asante." Mzee akila, mkwe yuko chumbani. Mkwe akitoka kuosha vyombo, mzee ameshaingia chake. Jioni nyingine mzee aliketi sebuleni akasikia kijiko kikikoroga kikombe upande wa pili wa ukuta, akawaza, "Anakunywa chai." Na hilo ndilo likawa jambo pekee alilojua juu ya mkwewe siku hiyo.

Sasa, mzee alikuwa na kompyuta mpakato. Hilo ndilo jina lake, ingawa ninyi mnasema laptopu. Ilikuwa ya Windows, na ndani yake zilikuwamo picha za Nathanaeli za utotoni, ambazo Nathanaeli mwenyewe alizipeleka studio zikatolewa kwenye karatasi na kuingizwa humo. Edita naye akanunua ya kwake kwa ajili ya kuandalia masomo, akaileta nyumbani, na hiyo ilikuwa ya Linux. Windows na Linux ni mifumo endeshi, yaani ile akili ya ndani inayoiamsha kompyuta na kuiambia la kufanya. Haifanani, kama watu waliolelewa katika nyumba mbili zenye desturi mbili. Lakini kompyuta zote mbili zilipata intaneti kwa kifaa kimoja kilichokaa juu ya kabati la vyombo, na kwa njia hiyo zingeweza kuonana na kupeana vitu.

Jioni moja Edita alisimama mlangoni pa sebule, kitambaa cha vyombo kingali mkononi.

"Baba, naomba zile picha za Nathanaeli za utotoni. Nimeitafuta kompyuta yako kutoka kwenye yangu, siioni."

"Hazielewani hizo," mzee akajibu. "Yako ni ya aina nyingine."

"Labda kwa flashi?"

"Flashi hapana. Flashi iliniletea virusi, ikala kazi yangu yote."

"Haya, Baba. Labda siku nyingine tutajaribu."

Akaomba tena baada ya Pasaka. Akaomba tena mvua zilipokatika. Jibu lilikuwa lile lile, ila kila mara lilikuwa fupi zaidi. Na mzee hakuwa akisema uongo, wapendwa. Aliamini kabisa kwamba mashine ile ngeni ndiyo yenye ukaidi.

Akaenda kulalamika kwa rafiki yake, Mzee Mbwambo, aliyekaa ng'ambo ya barabara, mtu wa utani tangu ujana wao.

"Mkwe wangu kaleta mashine isiyosikilizana na mwenzake," alisema.

Mbwambo akaweka kikombe chini. "Mchomvu, kila siku unavuka barabara kuja kwangu kutafuta mtu wa kuongea naye, na nyumbani umeacha mtu mzima mwenye mdomo wake. Kwani hajui Kiswahili?"

"Anajua."

"Anang'ata?"

"Acha mchezo. Ni mtu wa kimya tu."

"Ahaa! Na wewe ni redio?"

Mzee hakucheka. Alichukua kofia yake akavuka barabara kurudi. Nawauliza ninyi mnaocheka: ni wangapi humu ambao huko nje mna maneno tele, na nyumbani mnafika mkiwa mmeyamaliza yote?

Haikupita muda, Edita akaja tena mlangoni pa sebule. Safari hii hakuwa na kitambaa mkononi.

"Baba, uhamisho wangu umekubaliwa. Jumamosi nakwenda Kasulu, kwa mama."

Mzee alitaka kusema, "Usiende." Alitaka kusema kwamba nyumba hii ikibaki bila yeye itakuwa kaburi la pili la Nathanaeli.

"Sawa," akasema.

Ijumaa Edita alikwenda shuleni kukabidhi madarasa yake. Mzee akabaki peke yake, na jambo moja likamkera: mkwe asije akaondoka akidhani amenyimwa picha za mumewe kwa uchoyo. Akafungua kompyuta yake akikusudia kupata ushahidi kwamba kosa ni la ile ya Linux. Alikuwa mtu wa kusoma mpaka wa kiwanja nukta kwa nukta, naye akaisoma mipangilio ya kompyuta kwa namna hiyo hiyo, kwa Kiingereza chake cha shule za zamani, ukurasa baada ya ukurasa. Akafika penye swali hili: Je, kompyuta hii ionekane na kompyuta nyingine za nyumbani?

Jibu lilikuwa limeshawekwa. Hapana.

Ni nani aliyejibu hivyo? Hapakuwa na mtu mwingine aliyeigusa mipangilio ya mashine ile. Ni yeye mwenyewe, siku ile alipoitoa kwenye boksi, alipokuwa akijibu maswali yake haraka haraka huku akiwaza wezi. Alijibu hapana, akasahau kwamba amejibu. Miezi yote hiyo kompyuta ya mkwewe ilikuwa ikiita. Ya kwake ndiyo iliyojificha.

Akabadilisha jibu. Akakaa akisubiri.

Edita aliporudi, mzee aliinuka akaenda mpaka mlango wa chumba cha mkwewe. Hakuwahi kusimama hapo tangu mwili wa mwanawe ulipotolewa.

"Hodi," akasema.

"Karibu, Baba."

Mabegi yalikuwa yamefungwa, yameegemezwa ukutani. Mzee hakuyatazama.

"Jaribu sasa," alisema. "Kosa lilikuwa kwangu."

Edita akawasha kompyuta yake, akatafuta. "Naiona. Ndiyo hii, ina jina lako."

"Basi chukua picha. Chukua zote."

Lakini Edita hakugusa kitu. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Baba, picha ninazo. Nathanaeli alinipa zote mwaka tuliofunga ndoa."

"Unazo? Sasa siku zote hizo ulikuwa ukiomba nini?"

"Nilikuwa nikiomba tukae tuzitazame. Sikujua niombeje kwa namna nyingine."

Mzee akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Edita akafungua picha moja. Mtoto amepanda baiskeli, amekaza meno kwa hofu, na nyuma yake mkono wa mtu mzima umeshika tandiko. Mtu mwenyewe amebaki nje ya picha.

"Hii nimetaka kukuuliza muda mrefu," alisema. "Mkono huu ni wa nani?"

Mzee akautazama.

"Ni wangu."

"Nilikuwa najua," alisema Edita. "Nilitaka nikusikie ukisema."

Wakazitazama zote, mpaka chakula kikapoa jikoni. Mzee aliongea zaidi jioni ile kuliko alivyoongea tangu msiba.

Najua mnasubiri niwaambie kwamba alibaki. Hakubaki. Uhamisho ulikuwa umeshapitishwa, mama yake alikuwa akimngoja, na moyo uliokwisha kufunga mizigo haufunguki kwa jioni moja. Jumamosi mzee alimbebea begi mpaka stendi, basi likaondoka, naye akarudi kwenye nyumba ambayo vyumba vyake vilikuwa kama vimeongezeka.

Wapendwa, mzee huyu hakumchukia mtu. Hakumtukana mtu. Hakumfukuza mtu. Alijibu hapana siku moja, akasahau, kisha akawalaumu wengine kwa kutomfikia. Na sisi je? Tunasema wake wa watoto wetu ni wa kabila jingine, vijana wetu ni wa dunia nyingine, jirani ni wa dini nyingine, hatuelewani. Inawezekana ni kweli hatufanani. Lakini kutofanana hakujamzuia mtu kubisha hodi. Yule anayetutafuta anaomba chumvi ambayo anayo. Anauliza saa, na saa iko mkononi mwake. Nasi tunamjibu juu ya chumvi, tunamjibu juu ya saa, tunaona tumemaliza, na upweke tunamsingizia yeye.

Baada ya ibada tutapeana mikono pale nje, na ni vema. Lakini mkono wa pale nje ni rahisi. Leo ukifika nyumbani, nenda kwenye mlango wa yule unayekaa naye na humjui. Usingoje uwe na la kusema. Bisha, na akikukaribisha, ingia ukae.